Mwanafunzi anayejikata mikono: siku ya kwanza tufanye nini, na wiki zinazofuata?

Mwalimu wa ushauri nasaha, Pemba

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wenye ujuzi, khasa mlioko spitali na skuli za huku kwetu.

Msichana wa kidato cha pili, miaka 15, ameonekana na alama zilizopangana kama mistari kwenye mkono wa kushoto, nyengine mbichi, nyengine zimeshapona. Habari imetoka kwa rafiki yake. Mwenyewe amekubali kwamba anajikata, hataki mama yake ajue, na amesema: "Sitaki kufa, nataka kichwa kitulie tu."

Chumba cha walimu kimegawika. Wako wanaotaka mzazi aitwe leo leo aje na bakora yake. Wako wanaosema ni shetani, apelekwe akasomewe. Na wako wanaosema anataka kuonekana tu, tukimpuuza ataacha. Juu ya hayo, mwenzake mmoja anayelala dakhalia (bweni la skuli) anasemekana naye kaanza.

Ninalotaka kujua: nimwambie nini, nisimwambie nini, kidonda nikishughulikie vipi, lini ni jambo la kukimbilia spitali na lini linaweza kungoja, na mama yake aambiwe kwa njia gani?

---

Muuguzi wa afya ya akili

Waalaykum salaam, mwalimu. Hilo la kutaka kichwa kitulie ndilo la kulishika. Kwa vijana wengi mambo yanakwenda hivi: hisia inapanda mpaka haivumiliki, iwe hasira, aibu, woga, au ule ukavu wa kutohisi kitu kabisa. Mwili unaumizwa, na ndani ya dakika chache hisia inashuka. Ubongo unaliweka hilo kama dawa iliyofanya kazi. Kisha inakuja aibu ya kukificha kidonda, na aibu yenyewe ni mzigo mpya unaomrudisha kule kule. Sasa itie bakora hapo katikati uone inaongeza nini.

Hawa wa "anataka kuonekana" wajiulize mbona alificha mpaka rafiki akasema. Na hata angekuwa anataka kuonekana, mtoto aliyefika kujikata ili aonwe ana jambo linalotaka kuonwa. Wala si mmoja: tafiti za vijana wa nchi mbalimbali zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kiasi cha asilimia 17 wamewahi kujiumiza bila nia ya kufa walau mara moja. Wengi huanza baina ya miaka 12 na 14.

Mazungumzo ya kwanza yawe mafupi, nusu saa inatosha, pahala ambapo hawapiti watu, na mwalimu wa kike kama yupo. Anza na "Ahsante kwa kuniambia. Sijakasirika. Nataka nielewe." Usiulize "kwa nini umefanya hivi?", kwani kwa mtoto wetu swali hilo ni mwanzo wa adhabu. Uliza: "Kulikuwa kunatokea nini kabla yake?" na "Baada ya pale ulijisikiaje?" Usimtake akuonyeshe sehemu za mwili zilizofunikwa. Ukihitaji kujua, uliza tu kama kuna kidonda kinachouma, kinachotoka usaha au kilicho wazi.

Siri usiiahidi nzima, maana utakuja kuivunja na hatokuambia tena. Mwambie: "Sitomwambia asiyehusika. Lakini nikiona maisha yako yako hatarini, au kuna mtu anakudhuru, itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia, na wewe utajua kabla yake."

Halafu swali la kufa. Liulize wazi, kwa sauti ile ile uliyoulizia mengine. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana. Kwa wengi ni nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Panda ngazi pole pole: "Kuna wakati unatamani usiamke asubuhi?" Akisema ndiyo: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo: "Umepanga vipi, na lini?" Mwisho: "Umewahi kujaribu?" Aliye na mpango, au aliyejaribu siku za karibuni, haachwi peke yake hata akienda chooni, na anapelekwa spitali siku hiyo hiyo. Kwa Pemba ni Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani. Kwa Unguja ni Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu.

Jibu la "sitaki kufa" ni la leo. Wiki ijayo unauliza tena, kwa sababu nia hubadilika, na anayejiumiza mara kwa mara yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kujaribu kujiua kuliko wenzake, hata kama alianza bila nia hiyo. Na zile fomu za kujumlisha alama ili kujua nani atajiua na nani hatojiua, ziwekeni kando. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2022 umekataza kuzitumia kwa kazi hiyo, kwani zinakosea pande zote mbili.

Kuhusu mama nitarudi, hilo lina masharti yake.

---

Tabibu wa kituo cha afya

Nijibu la vidonda, maana humo ndimo watu wanamoharibu.

Kinachotoka damu: kitambaa safi juu yake, kandamiza kwa kiganja dakika 10 kamili kwa saa. Makosa ya kawaida ni kufunua kila dakika kuangalia kama imeacha. Kila ukifunua unang'oa ile damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Mkono uinuliwe juu kidogo. Ikiacha, osha kwa maji yanayotiririka ya mferejini na sabuni pembeni ya kidonda, kausha, funika kwa bendeji isiyoganda. Spiriti ndani ya kidonda inachoma nyama inayotaka kuunga. Unga wa kahawa, dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa vinaleta usaha tu na kazi ya kusafisha inakuwa yangu.

Spitali bila kungoja: damu haikukoma baada ya dakika 10, au inaruka kwa mapigo, kidonda kimepanuka na midomo yake haikutani, au mafuta ya njano yanaonekana ndani, vidole vina ganzi au havikunjiki, kiko shingoni au juu ya kiungo. Kushona kunataka kufanywa mapema, usingoje kesho asubuhi kwa kuogopa watu wataona. Sindano ya pepopunda: aliyemaliza dozi zake anaongezewa moja ikiwa ya mwisho imepita miaka 10, au miaka 5 kidonda kikiwa kichafu au kimeingia ndani sana. Asiyejua alidungwa lini, achukuliwe kama hajadungwa.

Aliyejichoma kwa moto: maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, na bangili au pete zivuliwe kabla ya uvimbe.

Wenzangu wa spitali niwaambie hapa hapa: anayejikata anashonwa kwa ganzi kama mgonjwa mwengine yeyote. Kumshona mkavu "ili akome" ni ukatili, na matokeo yake ni kwamba mara ya pili haji.

Sasa la dawa za kumeza, na hili lisomeni mara mbili. Aliyekunywa parasetamol nyingi anaweza kuonekana mzima siku nzima ya mwanzo. Ini linaharibika kimya kimya, na dalili kubwa zinaonekana siku ya pili mpaka ya nne, wakati nafasi imeshapungua. Dawa ya kulikinga ini ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8 tokea kumeza. Kwa hiyo "ametapika, sasa yuko sawa, alale" ni hukumu mbaya. Chukua pakiti na vidonge vilivyobaki, andika saa aliyomeza, nenda. Usimtapishe kwa kidole wala maji ya chumvi, na maziwa si dawa ya sumu. Aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya kufulia akitapishwa, kinarudi na kuingia mapafuni. Dawa ya wadudu ya shamba ikimmwagikia, vua nguo, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni, na wewe mwenyewe jikinge mikono. Mengine ya karatasi na maelezo yatafuata baada ya matibabu.

---

Mwalimu wa chuo (madrasa)

Niseme la upande wetu, kwa sababu mtoto huyu jioni anakaa chuoni.

Kwanza, dalili. Vitabu vinasema mtazame anayevaa mikono mirefu wakati wa joto. Kwetu hilo halisemi kitu, wasichana wote wamevaa mikono mirefu. Tazameni penye udhu. Mkono unaoshwa mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo anayejikata ataanza kutawadha peke yake, atachelewa mpaka wenzake wamalize, au atasema ametoka na udhu nyumbani kila siku. Kwa wavulana tazameni vifundo vya vidole vilivyochubuka: kupiga ukuta mpaka damu kunaitwa hasira, lakini kwa wengine ni jambo hili hili.

Kidonda kibichi kisimzuie kuswali wala kisimlazimishe kukifunua mbele ya watu. Penye bendeji anapangusa juu yake, na maji yakiwa yanamdhuru kuna tayammamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji). Mwambieni hivyo waziwazi, maana wako wanaoacha sala kwa kuficha kidonda, kisha dhambi ya kuacha sala inakuwa mzigo wa pili.

Kusomewa sikukatazi. Qur'ani inatuliza, na familia itamsomea hata tukikataza. Ila kuna mipaka: hapigwi, hafukizwi mpaka akabanwa na pumzi, hafungwi, na kidonda hakiachwi kwa sababu amekunywa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya). Na kisomo hakichukui nafasi ya muuguzi, viende pamoja.

Lililonisukuma kuandika ni kiapo. Wazee wengi wakigundua tu wanaleta Msahafu, "weka mkono hapa uape hutorudia." Mtoto ataapa, kwa sababu ana khofu. Siku hisia itakapopanda tena atajikata, na sasa anajiona pia mvunja kiapo. Kafara yake ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Atalisha kwa pesa gani bila kuulizwa? Basi anaficha zaidi. Vivyo hivyo aya ya kukataza kujitia katika maangamizo: ni kweli na ina wakati wake, lakini si saa ya kwanza, damu haijakauka.

---

Muuguzi wa afya ya akili

Shekhe umenisaidia. Hata hospitalini kulikuwa na mtindo wa kumwandikisha mgonjwa ahadi ya kutojidhuru, na haukuthibitika kuzuia chochote. Kilicho na faida ni mpango wa usalama, ambao hauna "usifanye" ndani yake, una "nikifika hapa nitafanya hivi".

Ni ukurasa mmoja wa daftari, kwa maneno yake mwenyewe, wewe unashika kalamu tu akitaka. Juu aandike dalili zake kwamba wimbi linakuja: "nikianza kukaa chooni muda mrefu", "nikisikia kelele za baba". Chini yake, anayoweza kufanya bila mtu. Kisha watu na pahala pa kumtoa mawazoni bila hata kueleza kitu, mfano kwenda kukaa kwa bibi au kusuka ukili na shangazi. Kisha watu wazima wawili au watatu atakaowaambia ukweli, na namba zao. Kisha wataalamu: jina la muuguzi wa kituo, na 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto inayofanya kazi Bara na Visiwani. Mwisho, namna nyumba itakavyofanywa salama. Kwa mtoto wa kijijini ongeza mstari mmoja ambao kwenye fomu ya kawaida ya mpango huu haumo: nani mtaani ana gari au pikipiki usiku, na nani atakayemgongea mlango.

Kwenye "anayoweza kufanya bila mtu" msiandike "asome, asali, apumzike" kwa jumla. Wimbi la hamu ya kujikata hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, kwa hiyo anahitaji kitu cha kufanya dakika hizo. Maji baridi usoni: beseni lenye barafu, ainame, azibe pumzi sekunde 15 mpaka 30, arudie, mapigo ya moyo yanashuka kweli (mwenye maradhi ya moyo asifanye). Pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, dakika tano. Kutwanga, kufua, kupanda ngazi mbio. Ajipe dakika 15 kabla ya kuamua lolote, zikiisha ajipe nyengine 15. Zile hila za kujifinya au kujipiga na mpira badala ya kujikata sizipendi. Zinauacha mlango ule ule wa maumivu wazi.

Akitulia, siku nyengine, mchoreane mlolongo wa tukio la mwisho: saa ngapi, alikuwa wapi, nani alisema nini, akafikiri nini, mwili ukafanya nini, akajikata, kisha nini kikafuata. Karibu kila mara utaona pete moja ya mnyororo inayoweza kukatwa mapema. Matibabu yenye ushahidi kwa vijana yamejengwa humo humo. Jaribio la tiba hiyo (tiba ya mazungumzo iitwayo DBT) lililofanywa Oslo, Norway, na kuchapishwa 2014, vijana 77 kwa wiki 19, lilipunguza kujiumiza kuliko huduma ya kawaida, na wazazi walifundishwa pamoja na watoto. Dawa ya kuzuia kujikata haipo. Akiwa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) daktari wa akili anaweza kuandika dawa yake na kumfuatilia kwa karibu wiki za mwanzo, lakini amitriptyline (dawa ya zamani ya sonona) ya kabatini asipewe kabisa: haifai kwa sonona ya umri huu, na ikizidishwa inaua.

---

Mwalimu wa ushauri nasaha, Pemba

Nimeandika yote. Limebaki la mama. Na kuna jambo: nilipomwuliza nyumbani kuna nani, alitaja wote isipokuwa mjomba wake anayelala hapo, kisha akanyamaza.

---

Muuguzi wa afya ya akili

Kimya hicho kiheshimu, lakini usikipuuze. Usimhoji mara tatu kutafuta ushahidi, hiyo si kazi yako, na kuhojiwa mara nyingi kunamuumiza na kuharibu maelezo yake. Uliza mara moja tu: "Kuna mtu anakufanyia jambo usilolitaka?" Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, bila kuongeza lako.

Akitaja udhalilishaji, mpangilio wote unageuka. Nyumbani hapigiwi simu kwanza. Unawasiliana na afisa ustawi wa jamii wa wilaya au 116, na anapelekwa kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mnasihi wanakutana na mtoto pahala pamoja. Kama tukio ni la siku tatu zilizopita msichelewe hata kidogo: dawa ya kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Msikubali wakubwa wa familia wakae walimalize kwa maneno. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18.

Asipotaja kitu, na hakuna dalili nyengine, mama anaambiwa, lakini mtoto achague: amwambie mwenyewe ukiwepo, au umwambie wewe akiwepo. Mwandae mama dakika kumi kabla hajamwona mwanawe, alie huko huko amalize. Mpe mambo machache tu ya kufanya. Dawa zote, sumu ya panya, dawa ya shamba na vyenye makali viwekwe pahala pa kufungwa, ufunguo anao mtu mmoja, tena leo, si wikiendi. Asimvue nguo kumkagua. Asimpige picha kuwatumia ndugu kwenye WhatsApp. Asimnyang'anye simu kama adhabu, kwani huenda humo ndimo alimo rafiki aliyemwokoa. Ila aulize kama kuna anayemtisha kwa picha. Mlango wa chumba usifungwe kwa ndani wiki za mwanzo. Na kila siku dakika kumi za kukaa naye bila kulitaja jambo lenyewe.

Wewe muone ndani ya saa 48, kisha kila wiki kwa miezi miwili. Atarudia, mjue hivyo mapema ili msivunjike moyo. Pimeni mwanya baina ya tukio na tukio, ukubwa wa kidonda, na kama alisema mwenyewe kabla hajagunduliwa.

---

Mlezi wa dakhalia

La yule wa pili hamjaligusa. Jambo hili huambukizana, khasa bweni moja. Msiite mkutano wa wanafunzi wote kulizungumzia; mtawafundisha wasiojua. Msiwakalishe wawili hao pamoja kupewa nasaha. Kila mmoja kivyake, na mnasihi wake ikiwezekana, kwani sababu zao hazifanani hata kama vidonda vinafanana. Kidonda kinafunikwa skuli kama kidonda chengine chochote, na picha zake zikizunguka kwenye simu zinafutwa bila kusambazwa kwa walimu "wazione".

Bweni zima lifundishwe jambo moja tu: mwenzako akikuambia anajiumiza, mwambie mlezi siku hiyo hiyo, na huko si kusengenya. Na rafiki aliyetoa habari mwite umshukuru, umuulize naye analala vipi. Amebeba siri hii kwa muda, na mara nyingi hakuna anayemkumbuka.

Wala msiwafukuze au kuwahamishia skuli nyengine. Mwanzoni mwa muhula mpya, kwa watu asiowajua, hatokuwa na hata mmoja wa kumgongea mlango.

---

Mwalimu wa ushauri nasaha, Pemba

Nimeelewa. Kesho saa mbili nakutana naye tena, pamoja na mwalimu wa kike wa sayansi ambaye anamwamini. Daftari na kalamu nimeshaviweka. Nauliza moja la mwisho: akikataa kuandika mpango?

---

Muuguzi wa afya ya akili

Usimlazimishe. Muulize tu: "Usiku wa leo ikikujia, utamwendea nani?" Akitaja jina moja, hilo liandike, na umwombe ruhusa ya kumwambia mtu huyo akae tayari. Mengine ya ukurasa yatajazwa wiki ijayo. Akikosa hata jina moja, hatoki hapo peke yake: anaondoka na mtu mzima, na mnanipigia kabla ya adhuhuri.